Shokapu za pikapu: Gharama isiyoonekana kwenye bei ya nyanya

MVUA za masika zinapokatika na kuacha mashimo katika barabara za vijijini, nauli ya kusafirisha gunia au tenga hupanda, na sababu ambayo wengi huitaja haraka ni mafuta. Ni kweli mafuta yanauma. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo, na mwenye pikapu hujua siku hiyo hiyo kama biashara yake itapumua au la.

Ipo gharama nyingine isiyotangazwa na yeyote. Hiyo hujilimbikiza chini ya gari, safari baada ya safari, mpaka siku nyanya zinapofika sokoni zimepondeka, au tairi jipya linapoisha kabla ya wakati wake, au gari linaposhindwa kusimama mahali dereva alipokusudia. Chanzo chake mara nyingi ni kifaa kimoja ambacho wenye magari wengi hukikumbuka mwisho: shokapu.

Makala haya yanaangalia kwa nini kifaa hicho kinakufa mapema kwenye barabara zetu, hasara yake inaishia mfukoni mwa nani, na kwa nini mkulima au mfanyabiashara mdogo mwenye pikapu anaweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani, angalau zile za nyuma.

Mtandao mrefu, fungu dogo

Tanzania ina aina mbili za barabara za umma. Zipo barabara kuu na za mikoa zinazosimamiwa na TANROADS, na zipo za wilaya, ambazo tangu mwaka 2017 zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Hizi za TARURA ni zaidi ya kilometa 144,000, na sehemu kubwa ni za udongo. Ndizo zinazounganisha shamba na barabara ya lami.

Serikali ilikiri tatizo la fedha ilipoongeza Sh100 katika kila lita ya petroli na dizeli mwaka 2021, lengo likiwa kuipa TARURA uwezo zaidi. Mwenye pikapu huchangia barabara kila anapojaza tangi. Hata hivyo, urefu wa mtandao huo ni mkubwa kuliko kasi ya greda.

Mvua nazo hazisubiri bajeti. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 na kuendelea hadi 2024 ziliharibu barabara na madaraja katika mikoa mingi. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, hata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Ikiwa barabara kuu yenye lami inakatika, msomaji anaweza kupima mwenyewe hali ya ile ya kutoka shambani kwake.

Hivyo mkulima hulipa mara tatu. Kwanza hulipa kwenye lita ya mafuta. Pili hulipa kwenye vipuri. Tatu hulipa sokoni, mazao yake yanapokataliwa au kushushwa bei kwa sababu yamechubuka. Malipo ya kwanza yapo mikononi mwa Serikali. Ya pili na ya tatu anaweza kuyapunguza mwenyewe, na hapo ndipo suala la shokapu linapoingia.

Shokapu hufanya nini?

Wengi huamini kwamba shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Kwenye pikapu nyingi, uzito wa nyuma hubebwa na springi, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi inapobonyea shimoni hurudi juu, na ikiachwa peke yake itaendelea kurukaruka. Kazi ya shokapu ni kuituliza.

Ndani ya shokapu kuna oili na pistoni yenye matundu madogo. Gari linapopanda na kushuka, pistoni husukuma oili ipite kwenye matundu hayo kwa shida, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu nzima huwa ya moto baada ya safari ndefu. Zile zinazoitwa za gesi nazo zina oili. Gesi, kwa kawaida naitrojeni, huwekwa ili oili isitoke povu.

Sasa tuchukue barabara ya vumbi iliyojikunja mithili ya bati. Ikiwa kila tuta dogo liko mita moja kutoka lenzake, pikapu inayokwenda kilometa 40 kwa saa itapanda na kushuka mara 40,000 ndani ya saa moja, sawa na mara 11 kila sekunde. Oili huchemka, huanza kutoa povu, na pistoni hupita kwenye povu kirahisi. Dereva huhisi gari limekuwa jepesi na linaelea. Likipoa, hali hurudi nafuu, lakini sili iliyopata joto namna hiyo kila siku haichukui muda kuvuja.

Kampuni ya Monroe, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vifaa hivi duniani, hushauri shokapu zikaguliwe kila kilometa 20,000 na kufikiriwa kubadilishwa zinapofika kilometa 80,000. Kwa gari linalopanda milima ya Lushoto au linalotoka mashambani Kilolo na Makete likiwa limejaa, ni busara kukagua mapema zaidi. Usisubiri namba fulani kwenye dashibodi, hasa kwa kuwa kwa gari lililonunuliwa mtumba hakuna ajuaye shokapu zake zilifungwa lini.

Lumbesa haimuumizi mkulima peke yake

Sababu ya pili ya vifo vya shokapu ni uzito. Hapa kuna jambo ambalo mjadala wa lumbesa huliruka.

Kile kigari kidogo tunachokiita kirikuu kilibuniwa Japani katika daraja la magari madogo ambalo sheria ya huko inaliruhusu kubeba mzigo usiozidi kilo 350. Hiyo ni sawa na magunia matatu na nusu ya kilo 100. Mfanyabiashara anapopakia magunia sita ya viazi ya lumbesa, tuseme kilo 120 kila moja, amebeba kilo 720. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya uwezo wa gari, kabla ya kumhesabu utingo aliyekaa juu ya mzigo. Pikapu kubwa zaidi, mfano Toyota Hilux, kwa kawaida zina uwezo wa karibu tani moja, nazo mara nyingi huzidishiwa vilevile.

Mizani za barabarani haziyaoni magari haya. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Pikapu na kirikuu ziko chini ya hapo. Ziada ya mzigo wake haitozwi faini na mtu wa mizani. Hutozwa na springi, bushi, tairi na shokapu.

Wapo wanaotatua tatizo hilo kwa kuongeza mapaba ya springi. Gari husimama wima hata likijaa, na mwenye mali huridhika. Kinachosahaulika ni kwamba springi ngumu hurudi juu kwa nguvu zaidi, na shokapu iliyochoka haiwezi kuizuia. Matokeo yake, gari linaporudi tupu huruka kama mpira na mwili wake huanza kupasuka kwenye maungio. Anayeongeza springi anapaswa kuangalia shokapu siku hiyo hiyo.

Hasara huhesabiwa wapi

Katika ripoti yake ya mwaka 2019, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika kwenye duka la rejareja. Usafiri ni sehemu mojawapo ya safari hiyo, na kwa mazao laini kama nyanya, maparachichi na ndizi ni sehemu nyeti sana.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyabiashara anapeleka nyanya sokoni mara mbili kwa wiki, yaani safari nane kwa mwezi. Kila safari matenga mawili ya chini yanapondeka na kuuzwa nusu bei. Tukichukulia tenga zima linauzwa Sh25,000, kila safari amepoteza Sh25,000, na kwa mwezi Sh200,000. Kwa msimu wa miezi mitatu ni Sh600,000. Msomaji abadilishe tarakimu hizo kwa bei ya soko lake, kisha aulize bei ya shokapu mbili za nyuma katika duka la vipuri lililo jirani. Aone ipi kubwa.

Shokapu mpya hazitaokoa kila nyanya. Tenga lenye misumari iliyochomoza na mzigo uliopangwa ovyo vitaponda mazao hata ndani ya gari jipya. Lakini gari linaloruka huongeza madhara ya kila kosa jingine.

Hasara hiyo haibaki kwa mwenye gari. Mchuuzi anayejua kwamba sehemu ya mzigo itaharibika njiani hushusha bei anayompa mkulima shambani ili kujikinga. Mkulima asiye na gari kabisa naye analipia shokapu mbovu ya mtu mwingine bila kujua.

Kuna tatizo pia la nani anaamua. Magari mengi ya mizigo midogo huendeshwa na dereva wa kuajiriwa anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Dereva huyo ndiye anayesikia gari likigonga, lakini kulisimamisha kwa matengenezo ni kukosa hesabu ya siku. Tajiri naye hapandi gari hilo. Hivyo gari huendelea mpaka lisimame lenyewe. Mwenye gari aliye makini hujiwekea siku moja kwa mwezi ya kulala chini ya gari na kuangalia.

Dalili za shokapu iliyokufa

Ukaguzi hauhitaji mashine. Kwanza, tazama mwili wa shokapu. Vumbi kavu si tatizo, lakini ukikuta oili imetiririka na kushika udongo mpaka chini, sili imekwisha. Unyevu kidogo sana karibu na sili unaweza kuvumiliwa.

Pili, bonyeza kona moja ya gari kwa uzito wako wote mara mbili tatu, kisha achia. Gari lipande, lishuke kidogo na kutulia. Likiendelea kunesa, shokapu ya upande huo haifanyi kazi. Kwa pikapu yenye springi ngumu jaribio hili halitoshi, kwa hiyo fanya na la tatu.

Tatu, baada ya mwendo wa nusu saa katika barabara ya vumbi, simama na kugusa kila shokapu kwa uangalifu, kwani yaweza kuwa ya moto. Shokapu iliyobaki baridi wakati mwenzake ina joto haikufanya kazi yoyote njiani.

Nne, pitisha kiganja kwenye tairi. Tairi lililoliwa kwa mabonde mabonde, hapa limekwisha na pale limebaki, huonyesha gurudumu limekuwa likidunda badala ya kubiringika. Mwisho, tikisa shokapu kwa mkono. Ikigonga, huenda bushi za mpira ndizo zilizokwisha, na bushi ni nafuu kuliko shokapu nzima.

Dalili ya hatari kuliko zote ni breki. Gurudumu linalodunda haligusi barabara muda wote, na gurudumu lisilogusa barabara halisimamishi gari. Kwenye mteremko, gari likiwa na mzigo, hilo si suala la nyanya tena.

Dukani: bei ndogo, maswali mengi

Katika maduka ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, na katika miji ya mikoani yanayochukua mali huko, mteja hukutana na mali za aina tatu. Kuna mpya halisi, kuna mpya za kuiga, na kuna zilizotumika zilizotoka nje. Baadhi ya mafundi pia hutoboa shokapu za zamani, huzijaza oili na kuziziba. Hizo za mwisho hutuliza gari kwa muda mfupi, na oili yoyote iliyopatikana haifanani na ile iliyokusudiwa.

Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ipo. Tume ya Ushindani (FCC), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa zenye alama za kughushi, na Shirika la Viwango (TBS) husimamia ubora. Lakini maofisa wake hawawezi kusimama katika kila duka. Mnunuzi anapaswa kujilinda.

Nenda na namba ya chasisi au shokapu ya zamani yenyewe. Urefu ikiwa imefunguka, urefu ikiwa imebonyezwa, na aina ya vishikio vyote vilingane. Shokapu fupi itavutwa mpaka ikatike gari linaporuka, na ndefu itagonga chini mpaka ipasuke.

Isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, uivute na kuibonyeza mara kadhaa. Inapaswa kuwa nzito kwa usawa mwanzo hadi mwisho. Ikiwa kuna sehemu inalegea na hailegezi kukaa sawa hata baada ya kurudia, iache. Ya gesi hujifungua yenyewe taratibu ukiiachia. Ya oili hubaki ulipoiacha.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye jina la kifaa. Mbali na suala la kodi, hiyo ndiyo karatasi pekee utakayorudi nayo shokapu ikivuja baada ya wiki mbili. Muuzaji anayetoa bei mbili, moja yenye risiti na nyingine isiyo na risiti, amekwisha kukueleza kiasi anachoiamini mali yake.

Nunua mbili kwa pamoja. Shokapu mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine hulifanya gari livute na kuyumba, hasa wakati wa kufunga breki kwenye kona.

Kuibadilisha nyumbani

Kwa pikapu yenye springi za mabapa nyuma, kazi hii iko ndani ya uwezo wa mtu yeyote anayeweza kubadilisha tairi. Sababu ni ile tuliyoitaja: shokapu haibebi uzito, kwa hiyo kuitoa hakuliangushi gari. Pikapu nyingi ziko juu kiasi kwamba kazi yote hufanyika magurudumu yakiwa chini, bila jeki kabisa. Hiyo ndiyo njia salama zaidi.

Mahitaji ni spana na spana boksi, na kwa magari ya Kijapani namba 14, 17 na 19 ndizo hutumika sana. Ongeza brashi ya waya, nyundo, mafuta ya kulegeza kutu na mawe au vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, sugua nati zote kwa brashi na kuzipulizia mafuta ya kulegeza kutu. Hatua hii ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Nati iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa hukata bolti, na bolti ikikatika kazi ya saa moja hugeuka ya siku nzima na mtu wa kuchomelea.

Asubuhi, egesha gari tupu mahali tambarare na pagumu. Vuta breki ya mkono, weka gia, zuia magurudumu mbele na nyuma. Kama ni lazima kulinyanyua, usilale kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka vishikilio madhubuti chini ya chasisi, na egemeza ekseli kwa jeki ya pili. Ekseli ikiachwa ining'inie, shokapu zikitoka inaweza kuvuta mpira wa breki na kuukata.

Fanya upande mmoja kwanza, ule mwingine ubaki kama mfano wa kuigiza. Fungua nati ya juu na ya chini. Angalia mpangilio wa washa na bushi unavyotoka, kisha uzipange chini kwa mfuatano huo huo. Shokapu ikigoma kutoka kwenye pini yake, igonge taratibu pembeni ya kishikio huku ukizungusha.

Kabla ya kufunga mpya ya oili, isimamishe wima na kuivuta na kuibonyeza mara nne au tano hadi mwisho, ili hewa iliyojificha ndani wakati wa kusafirishwa itoke. Ya gesi huja imefungwa kamba. Ifunge upande mmoja kwanza, ielekeze mahali pake, ndipo ukate kamba na uso wako ukiwa mbali. Usishike ule mti wa chuma unaong'aa kwa koleo. Mkwaruzo mdogo hapo hukata sili, na shokapu mpya itavuja ndani ya mwezi.

Bushi za mpira zikiwa ngumu kuingia, tumia maji ya sabuni. Grisi na oili huozesha mpira. Kaza nati kwanza kwa mkono, na ukazaji wa mwisho ufanyike gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira hubaki umejisokota na kupasuka mapema. Nguvu ya kukaza imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Mpira ubanwe, usifinyangwe mpaka ujitokeze pembeni.

Baada ya pande zote mbili, endesha taratibu, sikiliza, kisha rudi uangalie nati. Rudia baada ya kilometa 100 hivi. Shokapu za zamani usizitupe motoni wala kuzikata kwa gesi, kwani zina presha ndani, na oili yake usiimwage shambani au karibu na kisima.

Mahali pa kuishia

Kuna mpaka ambao mwenye gari hapaswi kuuvuka. Mbele ya kirikuu, na mbele ya Hilux za toleo lililoanza mwaka 2004 na kuendelea, shokapu imefungwa pamoja na springi ya kujizungusha iliyokandamizwa. Springi hiyo ikifunguliwa bila kifaa maalumu cha kuibana huruka kwa nguvu ya kuweza kuua. Baada ya kazi ya mbele, mara nyingi magurudumu huhitaji kupimwa upya ulalo wake. Kazi hiyo mpe fundi mwenye vifaa, na uwepo anapoifanya.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa gharama kubwa ni kipuri chenyewe, fundi anaokoa nini? Kwa kweli ufundi si sehemu kubwa ya gharama. Faida ya kujua kazi hii ni nyingine. Gari halilazimiki kwenda mjini na kupoteza siku nzima katikati ya msimu wa mavuno. Pia mwenye gari ana uhakika kwamba shokapu alizonunua ndizo zilizofungwa, na hakuna aliyebadilisha mpya kwa zilizotumika wakati yeye akinywa chai.

Fundi mzuri naye hapotezi. Mteja anayeelewa gari lake hulileta mapema, kabla ubovu wa shokapu haujaharibu bushi, tairi na breki.

Kinachowezekana sasa

Vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, na vikundi vya wafanyabiashara wa mazao vinaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji kusubiri bajeti ya Serikali. La kwanza ni kununua kwa pamoja seti moja ya spana, jeki na vishikilio, vitumike na wanachama kwa zamu. La pili ni kuagiza shokapu kwa pamoja kutoka kwa muuzaji mmoja anayetoa risiti na dhamana ya maandishi. Watu kumi wanaonunua jozi kumi husikilizwa kuliko mtu mmoja. La tatu ni kuomba vyuo vya VETA vilivyo karibu viandae mafunzo mafupi ya ukaguzi wa gari kwa madereva na wamiliki.

Kwa upande wa Serikali, fedha za barabara za wilaya zinapaswa kufuata kalenda ya mavuno. Greda linalopita mwezi mmoja kabla ya nyanya au viazi kuanza kutoka lina manufaa kuliko linalopita baada ya mazao kuisha shambani. Halmashauri zinajua kalenda hiyo, kwa sababu ndizo zinazokusanya ushuru wa mazao hayo.

Udhibiti wa lumbesa nao uwe na sura mbili. Mpaka sasa umeelezwa kama kumlinda mkulima asipunjwe kwenye kipimo. Madereva na wenye magari waelezwe pia kwamba gunia la kilo 120 linavunja gari lao, ili nao wawe na sababu ya kulikataa.

Barabara zetu hazitakuwa na lami zote katika msimu ujao, wala ule unaofuata. Kabla ya kupakia mzigo wa kwanza wa mavuno haya, mwenye pikapu na ainame, aangalie shokapu zake nne, na aguse ile ambayo haijapata joto.